Mtoto anayetafuna kola na penseli: ni vitafunwa gani vinavyoweza kumtuliza?

Kola ya shati la shule imelowa mate kabla ya kengele ya mapumziko kulia. Penseli iliyonunuliwa Jumatatu imetafunwa hadi mbao yake imepasuka. Kamba ya sweta, kifuniko cha kalamu, ukucha, mfuko wa plastiki, hata kokoto iliyookotwa uani: vyote hupitia kinywani mwa mtoto huyo mmoja, huku wenzake wakiendelea na somo.

Wazazi na walimu wengi, kuanzia mjini Kasese hadi Bwera na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Rwenzori, wamewahi kumwona mtoto wa namna hii. Maelezo ya kwanza yanayotolewa huwa ni njaa, minyoo, utundu au kukosa adabu. Jawabu la kwanza mara nyingi huwa ni karipio, na wakati mwingine fimbo, ingawa sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni.

Yapo maelezo mengine ambayo hayasikiki sana. Kwa baadhi ya watoto, kinywa ni mahali ambapo mwili hutafuta utulivu. Mtoto huyo hatafuni kola kwa sababu ya ukaidi. Anatafuta hisia ambayo mwili wake unaihitaji, naye ameipata kwenye kitu kilicho karibu zaidi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, kumnyang'anya kola bila kumpa kitu badala yake hakutamaliza haja hiyo. Atahamia kwenye penseli, na akinyimwa penseli atahamia kwenye kidole.

Makala haya yanaeleza haja hiyo ni nini, jinsi ya kuitofautisha na ugonjwa, na namna ya kuchagua vitafunwa vinavyopatikana katika masoko ya Kasese, Bwera na Mpondwe ili kumsaidia mtoto bila kumhatarisha.

Kinywa hufanya kazi gani zaidi ya kula?

Tumezoea kufundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Lakini misuli na viungo pia hupeleka habari kwenye ubongo. Habari hizo hutuwezesha kujua mkono uko wapi hata tukiwa tumefumba macho, na kutambua ni nguvu kiasi gani tunatumia tunapobeba mtungi wa maji.

Kinywa hukusanya karibu hisia zote hizo mahali pamoja. Ulimi na midomo vina uwezo mkubwa wa kutambua mguso. Kuna ladha, kuna harufu inayopanda puani, kuna joto na ubaridi. Zaidi ya hayo kuna taya, ambalo misuli yake ni miongoni mwa misuli yenye nguvu mwilini. Taya linapofinya kitu kigumu au kinachonyumbuka, ubongo hupokea habari nyingi kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mtoto mchanga hutulia anaponyonya, hata asipokuwa na njaa. Ndiyo maana pia mtu mzima hutafuna kijiti anapokuwa na mawazo, na dereva wa safari ndefu hutafuna kitu ili asisinzie. Haja hii ni ya binadamu wote, na tofauti iliyopo ni ya kiwango.

Ni kawaida kwa mtoto kupeleka kila kitu kinywani hadi anapokaribia umri wa miaka 2, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kuujua ulimwengu. Wengi huacha taratibu baada ya hapo. Wapo wanaoendelea, hasa baadhi ya watoto wenye usonji, wenye shida ya kutulia na kuwa makini, au waliochelewa katika makuzi. Wapo pia wasio na tatizo lolote jingine, ambao hutafuna zaidi wanapokuwa na wasiwasi, uchovu au kelele nyingi pembeni yao.

Upande wa pili wako watoto walio kinyume chao. Hao huona hisia za kinywani kuwa kali mno. Hutapikia chakula chenye vipande, hukimbia mswaki, na hula aina tatu au nne tu za vyakula. Tutawarudia hapo chini.

Wazo hili limetoka wapi, na lina uzito gani?

Mtu aliyeliweka wazo hili katika mpangilio wa kitaalamu ni A. Jean Ayres, Mmarekani aliyekuwa mwanasaikolojia na mtaalamu wa tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku. Katika miaka ya 1960 na 1970 alieleza kwamba baadhi ya watoto hupata shida ya kujifunza na kutulia kwa sababu ubongo wao haupangi vizuri habari zinazotoka kwenye milango ya fahamu. Kitabu chake kikuu cha kwanza kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1972.

Mwaka 2013, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaotumiwa na wataalamu wa nchi nyingi, uliongeza hisia zilizozidi au zilizopungua katika orodha ya dalili za usonji. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba watoto wengine huzipokea hisia kwa namna tofauti.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mwaka 2012, chuo cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiitumie shida ya hisia kama jina la ugonjwa unaojitegemea, na kikasema kwamba utafiti kuhusu tiba zake bado ni mchache. Kilikubali kwamba tiba hizo zinaweza kutumika kama sehemu ya mpango mpana, mradi familia ipime kama kweli zinasaidia.

Maana yake kwa mzazi ni hii: kitafunwa hakiponyi usonji, wala hakimfanyi mtoto kuwa na akili zaidi darasani. Kinachoweza kufanya ni kumpa mtoto kitu salama cha kutafuna badala ya kitu cha hatari, na kumsaidia kutulia kwa muda. Hilo ni jambo dogo, lakini kwa mtoto anayepigwa kila siku kwa sababu ya kola iliyolowa, si dogo hata kidogo.

Kabla ya kufikiria vitafunwa, ondoa shaka ya ugonjwa

Kuna mpaka muhimu kati ya kutafuna na kumeza. Mtoto anayetafuna kola huitema. Mtoto anayekula udongo, mkaa, majivu, karatasi, nywele au rangi iliyobanduka ukutani yuko katika hali nyingine. Ikiwa hamu ya kula visivyo chakula inaendelea kwa mwezi mmoja au zaidi kwa mtoto aliyevuka umri wa miaka 2, anapaswa kupimwa.

Sababu mojawapo inayojulikana ni upungufu wa madini ya chuma mwilini, ambao huandamana na upungufu wa damu. Katika maeneo yenye malaria na minyoo, upungufu wa damu kwa watoto si jambo geni. Udongo nao unaweza kuwa na mayai ya minyoo, kwa hiyo mtoto huingia katika mzunguko: upungufu wa damu humtia hamu ya udongo, udongo humletea minyoo, na baadhi ya minyoo humnyonya damu zaidi. Kitafunwa kitamu hakiwezi kuukata mzunguko huo. Kipimo cha damu na dawa ndivyo vitakavyoukata.

Nchini Uganda, mwezi wa Aprili na wa Oktoba hutengwa kwa ajili ya afya ya watoto, na dawa za minyoo pamoja na vitamini A hutolewa katika vituo vya afya na shuleni. Mzazi asiyejua ratiba anaweza kumuuliza mhudumu wa afya wa kijiji chake.

Kagua pia meno. Mtoto aliyeanza ghafla kutafuna upande mmoja, au kutia kidole kinywani mara kwa mara, huenda jino linamuuma au jino jipya linaota. Na vitu vingine viondolewe mara moja, bila kusubiri kujua sababu: betri za redio na za saa, sarafu, vipande vya rangi ya zamani, mifuko ya plastiki na maputo. Betri ndogo ya duara ikimezwa inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa chache. Hiyo ni dharura ya hospitali, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Chagua kitafunwa kwa hisia, si kwa jina

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuuliza "nimpe nini?" kabla ya kuuliza "anatafuta nini?" Mtoto anayefinya kola kwa magego anatafuta nguvu ya taya. Anayenyonya kidole au kamba ya sweta anatafuta kunyonya. Anayevunja penseli anatafuta kitu kinachokatika kwa mlio. Anayelamba chumvi au ndimu anatafuta ladha kali. Ukimpa anayetafuta kunyonya kitu cha kuvunja, atakila kisha atarudi kwenye kidole chake.

Vyakula vya kila siku vya eneo hili vingi ni laini. Bundu la muhogo humezwa bila kutafunwa sana, na ndivyo ilivyo kwa uji, matoke na viazi vilivyopondwa. Ni vyakula vyema, na hakuna sababu ya kuviacha. Lakini mtoto mwenye haja kubwa ya kutafuna anaweza kumaliza siku nzima bila taya lake kupata kazi ya kutosha. Mara nyingi inatosha kuongeza kitu kimoja au viwili.

Kwa anayetaka kutafuna kwa nguvu, tafuta kitu kinachonyumbuka na kuchukua muda: vipande virefu vya embe au nanasi lililokaushwa juani, ndizi iliyokaushwa, fenesi lililoiva, chapati iliyopikwa ikakauka kidogo, nyama ya kuku wa kienyeji iliyokatwa vipande virefu vyembamba. Wataalamu wengi huona kwamba kazi ya aina hii ndiyo inayotuliza zaidi.

Kwa anayetaka kitu kinachokatika kwa mlio, kuna karoti, tango, pera ambalo halijaiva sana, gonja lililokatwa vipande vyembamba na kukaangwa, mkate uliokaushwa kwenye moto, na mukene waliokaushwa na kukaangwa vizuri. Msimu wa senene ukifika, wao pia huingia katika kundi hili. Vitu vya namna hii huamsha zaidi kuliko kutuliza, kwa hiyo vinamfaa mtoto anayesinzia au aliyechoka kabla ya kuanza kazi ya shule. Samaki wadogo wana faida nyingine: mtoto huwala pamoja na mifupa, hivyo hupata madini ya chokaa.

Kwa anayetaka kunyonya, mrija una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Kunywa maji kwa mrija kunahitaji midomo na mashavu kufanya kazi. Kinywaji kikiwa kizito zaidi, kama maziwa ya mgando, bushera au parachichi lililosagwa na maziwa, kazi huongezeka. Chungwa lililokatwa juu na kunyonywa, jinsi watoto wanavyolila tangu zamani, hufanya kazi hiyo hiyo bila mrija.

Kwa anayetaka ladha kali, kuna matunda ya pasheni, ambayo ng'ambo ya mpaka wengi huyaita marakuja. Yana uchachu na mbegu zinazokatika kwa wakati mmoja, na yanalimwa katika wilaya hii. Ndimu ndani ya maji, ukwaju na tangawizi kidogo pia husaidia. Uchachu wa matunda haya una faida ya ziada, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ni afadhali isinywewe pamoja na chakula.

Kwa anayetafuta ubaridi, hasa katika joto la Kasese mjini, maji ya matunda yaliyogandishwa hufaa kuliko barafu tupu, ambayo inaweza kuvunja jino.

Vipi kuhusu muwa?

Muwa ni kitafunwa cha watoto wengi, na kwa kazi ya taya ni vigumu kupata kinachoushinda: mtoto huuma, huvuta, hutafuna, hunyonya, kisha hutema makapi. Lakini una sukari nyingi, na sukari hiyo hukaa kwenye meno muda wote wa kutafuna. Ukitolewa, uwe umemenywa na mtu mzima, mtoto awe na umri wa kwenda shule na ajue kutema, na aule baada ya chakula badala ya mchana kutwa. Kisha asukutue kwa maji.

Muhogo mbichi ni jambo jingine. Watoto huutafuna shambani kwa sababu unakatika vizuri na wakati mwingine una utamu. Lakini muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayozalisha sumu ya sayanidi unapotafunwa mbichi. Usalama wake hutokana na kumenya, kuloweka, kukausha na kupika. Mtoto anayetafuta kitu cha kukatika asipewe muhogo mbichi, na aelezwe sababu yake.

Karanga nazo zinahitaji jicho. Zilizoota ukungu, zilizokunjamana au zenye ladha chungu zitupwe. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaangwa.

Hatari kubwa ni kukwamwa

Kitu kinachomfaa mtoto wa miaka 9 kinaweza kumuua mtoto wa miaka 2. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, na magego yake hayajatosha kusaga. Kwa hiyo, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 5 asipewe karanga nzima, bisi, mahindi makavu ya kuchoma, peremende ngumu wala vipande vigumu vya karoti mbichi. Karanga zisagwe, karoti ichemshwe au ikwaruzwe, mahindi yawe mabichi na yachemshwe hadi yalainike.

Miaka si kipimo pekee. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo, anayetokwa na mate sana, au anayekohoa kila anapokula, anaweza kuwa na shida ya kumeza hata akiwa na miaka 10. Huyo asipewe vitafunwa vigumu kabla ya kuonwa na mtaalamu wa afya.

Kwa watoto wote, kanuni ni hizi: mtoto awe ameketi wima, asikimbie wala kulala huku anatafuna, asicheke na kupiga kelele chakula kikiwa kinywani, na mtu mzima awe karibu kiasi cha kumwona. Kumpa mtoto muwa na kumwacha mgongoni mwa dada yake wa miaka 7 si kumwacha na mlezi.

Chakula kikimkwama na bado anakohoa kwa nguvu, mwache aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, chukua hatua mara moja. Mtoto aliyezidi mwaka 1 ainamishwe mbele na apigwe mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na kifua, uvute kwa ndani na kwa juu mara 5, kisha urudie. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 mgongoni. Kisha ageuzwe na akandamizwe katikati ya kifua mara 5, kamwe si tumboni. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa kuwa unaweza kukisukuma ndani zaidi. Wakati huo huo, mtu mwingine atafute usafiri wa kwenda hospitali.

Sukari, chumvi na mikono

Njia rahisi ya kumnyamazisha mtoto ni soda, biskuti na peremende, maana zinauzwa kila kona. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu huipata kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 6, hiyo ni takriban gramu 35. Chupa moja ya soda ya mililita 300 hukaribia kiasi hicho peke yake. Mtoto mwenye haja ya kutafuna siku nzima akitimiziwa kwa sukari, meno yake ndiyo yatakayolipa.

Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Wilaya hii ina ziwa la chumvi la Katwe, na watoto wengi wamezoea kulamba punje zake. Tumia kidogo, nayo ya kupikia nyumbani iwe imetiwa madini joto. Asali isipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1.

Mtoto anayepeleka vitu kinywani mara nyingi hupeleka pia mikono. Wakazi wa Bwera hawahitaji kukumbushwa sana umuhimu wa sabuni: mwezi Juni mwaka 2019, Hospitali ya Bwera ilimpokea mtoto wa miaka 5 aliyetoka Congo, ambaye alithibitishwa kuwa na Ebola. Mtoto mwenye tabia hii anawe mikono mara nyingi kuliko wenzake, na matunda yake yaoshwe kwa maji safi.

Mtoto anayekataa kila kitu

Kwa mtoto ambaye kinywa chake huona kila hisia kuwa kali, ushauri hugeuka. Wazazi husema ana maringo, na wengine humfungua kinywa kwa nguvu. Nguvu huongeza hofu, na hofu hufunga koo.

Anza na kile anachokikubali, kisha badilisha kitu kimoja tu. Akipenda viazi laini, weka pembeni ya sahani kipande kidogo cha kiazi kilichochomwa. Asilazimishwe kukila. Aruhusiwe kukishika, kukinusa, kukilamba na kukitema. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya zaidi ya mara 10 kabla ya kukikubali. Usichanganye mchuzi na bundu kama anataka vitengane. Wengine huchukizwa na mchanganyiko wa laini na vipande, lakini hukubali kitu kikavu ambacho kila kipande chake kinafanana na kingine.

Akiendelea kupungua uzito, au akibaki na chini ya vyakula vitano hivi, apelekwe kwa daktari.

Shuleni na nyumbani

Mpango wowote hushindikana ikiwa mwalimu hajaambiwa. Mzazi anaweza kumwendea kwa heshima na kumweleza: mtoto wangu hutafuna anapohangaika, naomba aruhusiwe kuwa na chupa ya maji yenye mrija, na ale kitafunwa chake wakati wa mapumziko. Ombi hilo halimgharimu mwalimu chochote, wala haliwavurugi watoto wengine. Darasa lenye watoto wengi haliwezi kumruhusu mmoja ale muda wote, lakini maji hayachokozi wivu.

Si lazima kila mara iwe chakula. Kupuliza filimbi, kuimba na kupuliza mapovu ya sabuni hukipa kinywa kazi pia. Watoto wetu tangu zamani hupuliza mapovu kwa kikonyo cha jani la mpapai. Kioshwe kwanza ili utomvu utoke, na mtoto apulize tu bila kunyonya. Kitambaa safi cha pamba kilichofungwa fundo kinaweza kuchukua nafasi ya kola nyumbani. Kubeba maji, kusukuma mkokoteni na kupanda mlima huupa mwili mzima hisia ambayo taya lilikuwa linaitafuta.

Jambo moja lisisahaulike: kitafunwa kisiwe jibu la kila kilio. Mtoto anaweza kulia kwa sababu ana usingizi, ameogopa au anataka kubebwa.

Jinsi ya kujua kama inasaidia

Chukua wiki 1. Siku 3 za kwanza usibadilishe kitu. Andika, au mwombe mwanao mkubwa aandike, ni saa ngapi mtoto anatafuna vitu, anatafuna nini, na nini kilitangulia: njaa, kelele, kazi ngumu, au mgeni aliyeingia. Siku ya nne, mpe kitafunwa cha aina moja dakika chache kabla ya saa ile ngumu. Endelea hadi siku ya saba bila kubadilisha kingine chochote.

Ikiwa kola inabaki kavu kwa muda mrefu zaidi, umepata kitu cha kuendeleza. Ikiwa hakuna tofauti, jaribu aina nyingine ya hisia. Ikiwa aina tatu zimeshindikana, huenda haja si ya kinywa, na ni wakati wa kuomba msaada.

Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa mtoto anakula udongo au vitu visivyo chakula, amepauka viganja na midomo, anakohoa au kubadilika sauti anapokula, anapungua uzito, alianza kutafuna ghafla, au amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema. Anza na kituo kilicho karibu, nacho kitakuelekeza hospitali, ikiwa ni Bwera, Kagando au Kilembe. Uliza waziwazi kama kuna mtaalamu anayeshughulikia makuzi ya watoto au siku anazofika. Chukua ile karatasi ya wiki moja uende nayo, kwa sababu daktari atamwona mtoto kwa dakika chache tu, na wewe umemwona siku 7.